Nimehama Magomeni nikaenda Kiluvya ndani: foleni, upweke na hadithi za mashabiki. Nyie mliohama nje ya mji mnaishije?

BatiLaKijani (mleta uzi)

Wakuu habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu kwa amani, ila mwenye kiwanja nje ya mji na anajiuliza ahamie sasa au asubiri namuomba akae mpaka mwisho maana haya mambo mimi hakuna aliyeniambia.

Nilikuwa nimepanga Magomeni Mapipa vyumba viwili, mimi na mume wangu na watoto wawili, nyumba ya familia tano, choo kimoja, bomba moja, uwani wa kuanikia nguo kwa zamu. Mwezi wa sita 2021 tukahamia kwetu Kiluvya, na nikisema Kiluvya msidhani ni pale barabarani, ni ndani huko, unashuka Morogoro Road unachukua boda dakika kumi na tano, kiangazi vumbi tupu, masika boda anasimama nusu ya njia anakwambia dada hapa sipiti, unavua viatu unamalizia kwa miguu. Nyumba ilikuwa imepauliwa tu, madirisha mawili ndio yana grili mengine tumeziba na mabati, chini zege halijapigwa niru, na siku ile nilipiga vigelegele mwenyewe pale nje kwa sababu miaka kumi na moja ya kodi ya miezi sita sita ilikuwa imeisha.

Sijuti kuhama, naomba hilo lieleweke kabla hamjaanza kunipa pole. Ila kuna kitu kilinipata ambacho sikukitegemea.

Foleni nilijiandaa nayo. Naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na nusu niko barabarani, daladala mpaka Kimara, mwendokasi mpaka Gerezani, saa moja kasoro robo nafungua duka Kariakoo (mimi ni mhasibu kwenye duka la vifaa vya umeme). Jioni natoka saa kumi na moja nafika nyumbani saa mbili usiku. Ni masaa matano kwa siku. Nauli na boda ni elfu tano, piga kwa siku 26 ni laki moja na thelathini, na kodi ya Magomeni ilikuwa laki mbili. Kwa hiyo kwa mwezi nabakiza elfu sabini na nimetoa masaa 130. Nilishawahi kugawanya, inakuja kama shilingi 540 kwa saa. Nyumba ni yangu sawa, lakini hesabu ndio hiyo, mtu asikudanganye kwamba ukihama nauli haisikiki.

Sasa kilichonipata ni hiki. Magomeni kila usiku nilikuwa na stori inayoendelea. Nani kagombana na nani kwenye bomba, binti wa chumba cha mwisho kaposwa na yule kijana wa gereji au amemkataa, mzee wa mbele kapata barua ya mafao au bado, yaani ukitoka kazini hata hujavua viatu mtu anakudaka mlangoni anakwambia we jana ulilala mapema hujui kilichotokea. Sikuwahi kuiona kama kitu cha thamani. Kwanza nilikuwa naiita kero.

Kiluvya nikakuta mageti, viwanja vyenye nyasi, misingi iliyosimama miaka, mbwa. Jirani yangu wa karibu nilimjua kwa taa yake tu, ikiwaka saa moja nasema leo amewahi. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naongea na mume wangu na watoto na makondakta basi. Nikawa nampigia mama mmoja wa kule Magomeni kila nikipanda gari, sio kwamba nina shida, namuuliza tu eeh vipi uwani, ananisimulia mpaka Kimara. Alafu na yeye akahama, mtoto wake kamjengea Chanika. Siku aliyoniambia nilikosa raha wiki nzima.

Basi dada mmoja wa kazini akaniunga kwenye grupu la WhatsApp la watu waliokuwa wanafuatilia tamthilia moja ya Kikorea iliyotafsiriwa Kiswahili. Tamthilia ilikuwa imeisha vibaya, wale wapenzi wawili wameachana, mama mkwe amebaki anatawala nyumba, na watu walikataa. Dada mmoja wa Mwanza akaanza kuiendeleza mwenyewe, sehemu ya kwanza, ya pili, kila usiku saa tatu anaposti, na wengine wakaanza kuandika za kwao, huyu kamhamishia yule mama mkwe kijijini, huyu kampa yule rafiki wa pembeni mchumba. Hizo ndizo wanaita hadithi za mashabiki, au fanfiksheni. Nilisoma sehemu arobaini kwa mwezi mmoja, nimesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja kwenye bomba la juu mwingine kwenye simu.

Nimejiuliza sana kwa nini zilinishika hivyo wakati kwenye simu nilikuwa na riwaya nzuri kabisa sijazigusa. Jibu langu ni hili. Riwaya mpya inataka nijitambulishe, nishike majina, nijue ukoo, nijue nani mbaya nani mzuri, na saa moja usiku pale Ubungo mimi sina hizo nguvu. Hadithi ya mashabiki naingia bila hodi. Watu wote nawajua, nawajua wanavyochukia, najua yupi akikasirika ananyamaza na yupi anavunja vyombo, nataka tu kuambiwa leo kimetokea nini. Kwa maneno mengine nilikuwa nimeupata tena uwani wangu.

Ndio maana naleta mambo mawili kwenye uzi mmoja. Mimi naona kuhama nje ya mji kunakupa nyumba kunakunyang'anya watu unaowajua, na hizi hadithi watu wengi wanazipenda kwa sababu zinawapa watu wanaowajua tayari. Nakosea? Mliohama Goba, Madale, Bunju, Kigamboni, Mlandizi, semeni. Na wanaosoma au kuandika hizi hadithi nao waseme.

FundiMailiMoja

Dada yangu heshima kwako, umeandika vizuri, ila hesabu yako ya elfu sabini ina tundu. Kodi inapanda, nauli inapanda, lakini kiwanja nacho kinapanda. Mimi nimekuja Kibaha 2009 nimenunua miguu ishirini kwa thelathini kwa pesa ambayo leo hainunui hata lori la mchanga la kujazia hapo hapo. Angalia na sensa, mkoa wa Pwani 2012 ulikuwa na watu milioni 1.1 hivi, 2022 umevuka milioni 2, karibu mara mbili ndani ya miaka kumi, na Dar yenyewe imetoka milioni 4.4 ikaja 5.4. Watu wanahamia huku, asiyehama leo atahama kesho kwa bei nyingine.

Ila kuna sehemu nakuunga mkono. Ninajengea watu kila wiki na karibu wote wanauliza kuhusu bati, tofali, gharama ya msingi. Sijawahi kukutana na mteja akaniuliza jirani ni nani. Nawaambia ukija kuona kiwanja usije Jumamosi mchana na dalali, njoo siku ya mvua, alafu njoo siku ya kazi saa kumi na moja alfajiri usimame barabarani uhesabu magari yanayopita yamejaa. Hapo utajua unanunua nini. Na kabla hujatoa hela nenda serikali ya mtaa, kaa na mwenyekiti na wajumbe, waulize hicho kiwanja kimeshauzwa mara ngapi maana huku kuna viwanja vina wenyewe watatu na kila mmoja ana karatasi. Na barabara kuu usiisogelee, waliobomolewa 2017 kupisha upanuzi kutoka Kimara kuja huku wengi walijua ni hifadhi ya barabara wakasema haitafika.

Hadithi za wakorea mimi sijui, mke wangu ndio anajua.

BatiLaKijani

Fundi asante, hilo la kuja siku ya mvua ningeambiwa 2015 tunaponunua ningekuwa mtu mwingine. Sisi tulikuja Januari, kukavu, dalali kavaa viatu vyeupe.

Niongeze na maji. Tulihamia bila maji, tukasema boza litaleta, na kweli linaleta, lakini boza halipiti masika na masika ndio tope linakuwa sebuleni, nguo za shule zinafuliwa kila siku. Tukakinga ya mvua kwenye simtank. Kisima tulichimba mwaka wa pili, yakatoka ya chumvi, ya kuogea na kufulia tu. Kama mna hela ya kitu kimoja kati ya vigae na maji jamani wekeni maji. Umeme ndio tulisubiri nguzo miezi saba, tuliishi na sola ya taa tatu na kuchaji simu, na simu ndio ilikuwa kila kitu changu wakati ule.

Mrongai

Salamu kutoka Kenya. Huyu dada ameniongelesha mimi kabisa. Nilitoka Umoja nikaenda Ongata Rongai 2016 sababu ya nyumba, kodi nafuu, hewa safi. Rongai iko kaunti ya Kajiado lakini sisi wote kazi ni tao, so asubuhi Magadi Road ni kama mji mzima umeamua kupita mlango mmoja. Wenzangu wa Syokimau angalau walipata stesheni ya treni 2012, sisi ni matatu na miziki.

Kitu nilinotice ni kwamba watu wa gari moja ndio wanakuwa majirani wako. Mimi jirani yangu wa ploti simjui jina, but yule mama anakaa siti ya nyuma ya dere, tunajuana mpaka watoto. Siku hakuja wiki mbili tuliulizana gari nzima, kumbe alikuwa amelazwa, tukachanga. Kwa hivyo sikubali kwamba watu hawako. Wako lakini wamehama, hawako kwa mtaa, wako kwa barabara.

Fan fiction mimi husoma ya mpira, iko watu wanaandika stori za wachezaji, mechi zilivyofaa kuisha. Sisi mashabiki wa Arsenal tumeishi na hizo miaka mingi na zimetusaidia.

MsomajiWaKale

Mleta uzi umegusa kitu ninachokipenda niruhusu nichukue nafasi kubwa.

Kwanza watu wanadhani hadithi za mashabiki ni jambo la vijana wa intaneti. Sio. Sisi tunamjua Abunuwasi. Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa kweli, aliishi Baghdad karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, enzi za khalifa Harun al-Rashid, mashairi yake yapo mpaka leo. Lakini Abunuwasi wa bibi yangu Tanga hakuwa mshairi wala hakuwa na habari na Baghdad, alikuwa mjanja fulani anayeazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo anasema imezaa, jirani anafurahi anapokea, siku nyingine anaazima kubwa zaidi, hairudi, akiulizwa anasema imekufa. Nani aliandika hiyo? Hakuna anayeweza kusema. Watu walimchukua mtu wanayemjua jina wakamtengenezea mambo mapya wakayasafirisha na majahazi, kila bandari ikaongeza lake. Bibi alikuwa anabadilisha mwisho kulingana na nani kamkasirisha siku hiyo, jirani wa kwenye hadithi alikuwa anapewa sifa za jirani yetu wa kweli tunamjua wote tunacheka.

Pili, Bwana Msa. Wanaosoma Kiswahili wanamjua mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kitabu cha kwanza kilitoka 1960, ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum anayemfuata kila mahali asielewe. Mzee Abdulla alikuwa amemsoma Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabu vya Kiingereza, na inaonekana wazi. Lakini hakunakili, alimleta mtu Unguja akampa lugha yetu, akampa mashamba na mizimu na watu wenye siri za ukoo, akawa mtu mwingine kabisa. Na huyo Holmes mwenyewe, mwandishi wake alimuua 1893 kwa sababu alimchoka, wasomaji wakagoma, wakaandika barua za hasira, na wengine wakaendelea kumuandikia visa vyao wenyewe mpaka mwandishi akalazimika kumfufua 1903. Miaka kumi watu wamekataa mazishi. Wewe dada na wenzako mmekataa mama mkwe kushinda, ni kitu kile kile.

Tatu, vibanda umiza. Nani hapa alikulia kwenye banda la video na hakumsikia Lufufu? Wakenya wana DJ Afro. Jamaa anaitwa mtafsiri lakini alikuwa anatafsiri? Alikuwa anachukua sinema ya Kichina au ya Kihindi anaipa majina yetu, maneno yetu, anamtukana adui kwa niaba yetu. Sinema ileile ukiiona bila sauti yake ilikuwa haina chumvi.

Kwa hiyo mvuto wake mimi nauelezea tofauti kidogo na wewe. Umesema unaingia bila hodi kwa sababu unawajua watu. Sawa. Lakini kuna na hili la kwamba hapo msikilizaji ana haki ya kusema. Babu zetu walianza hadithi kwa kuitikia, hadithi hadithi, hadithi njoo, uongo njoo utamu kolea. Msimulizi hakuanza mpaka aitikiwe. Kitabu kilipokuja kikatunyamazisha, tukawa wa kusoma tu. Hizi hadithi zimeturudishia kuitikia.

Mpambanaji_Tegeta

Mimi nitakuwa tofauti na nyie wote mtanisamehe. Mtu una masaa matano barabarani unasoma mapenzi ya wakorea ambayo hata hayakutokea? Masaa 130 kwa mwezi ungesoma lugha, ungesoma CPA, wewe si mhasibu? Alafu kuchukua wahusika wa mtu ni wizi, mwandishi katoka jasho wewe unakuja unaandika juu yake.

BatiLaKijani

Mkuu wa Tegeta nimekuelewa na sikukasirikia. CPA nilianza, nilikuwa nabeba vitabu kwenye mfuko. Asubuhi nimelala masaa matano, jioni nimehesabu hela za watu siku nzima, nimesimama kwenye basi, kichwa hakishiki namba hata moja. Nilijaribu miezi minne. Mtu akiniambia hayo ni masaa ya kusoma namuomba asimame na mimi wiki moja tu Gerezani saa kumi na moja jioni.

Na kusema ni mapenzi ya wakorea tu sio sawa. Kuna sehemu moja dada wa Mwanza aliandika yule mama mkwe anakaa peke yake kwenye nyumba kubwa aliyoipigania, vyumba saba, anapika wali wa mtu mmoja. Nililia ndani ya gari pale Kibamba. Ilikuwa ni mimi ile, na nyumba yangu.

MsomajiWaKale

Kuhusu wizi, mpambanaji yuko sahihi nusu na hiyo nusu tuiheshimu. Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999 inampa mwandishi haki juu ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kuigeuza kazi yake kuwa kazi nyingine ni ndani ya haki hizo. Kwa hiyo ukimchukua Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, aliyefariki 2010, ukamtungia kitabu ukauza, umekosea, warithi wapo. Mashabiki wenyewe wana mila yao kwamba hawauzi na wanasema wazi wahusika ni wa nani. Moja ya hifadhi kubwa kabisa za hizi hadithi mtandaoni, Archive of Our Own, iko wazi kwa watu tangu Novemba 2009, haina matangazo, haiuzi kitu, inaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango, na 2019 ikapewa tuzo ya Hugo ambayo ni tuzo kubwa ya waandishi wa hadithi za kisayansi. Tuzo ilipewa hifadhi nzima. Wezi hawapewi hiyo.

Ila Abunuwasi hana mrithi wa kukushitaki. Sungura na fisi pia. Anayetaka kuanza aanzie huko, ghala limejaa na mlango uko wazi.

BintiChanika

Shkamooni wote. Mimi nina miaka 19 nimemaliza form six niko nyumbani Chanika nasubiri chuo na mimi naandika. Naomba niseme upande wa waandishi maana mnaongelea wasomaji tu.

Naandika Wattpad (app ya kusoma na kuandika hadithi) na kwenye grupu. Nikianza hadithi yangu mwenyewe na watu nimewabuni mimi, wasomaji wanne, wawili ni ndugu zangu. Nikiandika kuhusu watu wa tamthilia, usiku ule ule nina mia mbili. Sio kwamba ya kwangu ni mbaya zaidi, ni kwamba hawana sababu ya kunifungulia mlango. Kwa hiyo nimejifunzia kuandika kwenye nyumba ambayo tayari ina watu. Nimejifunza kukata sehemu pazuri ili watu wabaki na arosto, nimejifunza mazungumzo, maana mhusika akiongea neno asiloweza kulisema watu wanakuja juu hapo hapo, dada hapo umetudanganya yule hawezi kuomba msamaha hivyo. Mwalimu wangu wa shule hakuwahi kunisahihisha hivyo, alikuwa anaweka tiki na maksi.

Na kuhusu kuhama, sisi tulihamishwa kutoka Ilala nikiwa form two. Wazazi wanafurahi wana nyumba. Sisi watoto hakuna aliyetuuliza. Nilikuwa naondoka saa tisa na nusu usiku kwenda shule ile ile ya mjini kwa sababu mama hakutaka nihame shule, na konda wa asubuhi hataki mwanafunzi anayelipa nauli ndogo, unasukumwa, unabaki kituoni mpaka gari la tatu. Rafiki zangu wote walibaki Ilala. Naandika kwa sababu hiyo pia. Wazazi mnaosoma huu uzi mkihama hamisheni na shule, tafadhali.

BatiLaKijani

Mwanangu marahaba. Umenigusa pabaya. Mkubwa wangu yuko darasa la sita na nilimuacha shule ya Magomeni mwaka mzima wa kwanza kwa sababu ilikuwa nzuri na alikuwa na marafiki. Alikuwa analala kwenye basi ameegemea tumbo langu. Nilimhamisha baada ya mwalimu kuniambia anasinzia vipindi vya asubuhi. Nilijiona nimeshachelewa na bado najiona hivyo.

MzeeWaBunju

Nimewasoma wote. Mimi ni mstaafu, nilipata kiwanja Bunju kwenye ule mradi wa viwanja elfu ishirini wa serikali ulioanza 2002, nikahamia 2005. Wakati huo ukitoka nje usiku unasikia vyura na bahari kwa mbali. Tulikuwa nyumba nne.

Binti wa Kiluvya nikwambie tulivyopata majirani. Alikufa mtoto wa nyumba ya pili, degedege, usiku. Hakuna gari, hakuna anayejua namba ya mwenzake. Asubuhi tukakutana pale wanaume watano ambao tulikuwa tunapishana mwaka mzima kwa kupungiana mkono, tukachimba kaburi pamoja, na hakuna hata mmoja aliyejua jina la baba wa mtoto mpaka shehe alipouliza. Aibu ile ndio ilianzisha chama chetu cha kuzikana. Elfu mbili kwa mwezi wakati huo. Baadaye wake zetu wakaanzisha kikoba, baadaye tukachonga barabara, tukavuta maji. Leo tuko kaya zaidi ya mia na sitini kwenye daftari.

Kwa hiyo sikatai hadithi zako, soma. Lakini jirani mwenye taa alikuwa anaiangalia ya kwako vile vile. Nenda kagonge. Usisubiri msiba.

Na mimi Abunuwasi nilimsikia kwa mjomba wangu Bagamoyo, kwake sufuria ilikuwa ya sultani.

Mpambanaji_Tegeta

Mzee hapo umemaliza. Dada wa Kiluvya kama nilikukwaza kuhusu CPA niwie radhi, mke wangu amesoma huu uzi akaniambia na mimi nina masaa manne ya kuangalia mechi za marudio.

BatiLaKijani

Wakuu nimechelewa kurudi, leo ni Jumapili nyingine.

Baada ya kumsoma mzee wa Bunju Jumatatu niliporudi nilikuta taa ya jirani inawaka, nikasimama pale getini kama dakika mbili na mkoba wangu begani, nikagonga. Akatoka dada wa umri wangu ameshika mwiko. Akaniambia nakujua, wewe ndio yule unayerudi saa mbili unatembea huku unasoma simu, nilitaka siku moja nikwambie utakanyaga nyoka. Anauza mahindi na mchele kule Maili Moja, wamehamia 2020, mwaka mmoja kabla yetu. Miaka yote hiyo. Mume wake ni dereva wa lori la Tunduma, yeye na mtoto mmoja, na nyumba ina vyumba vinne. Aliniambia vyumba viwili hajawahi kulala mtu.

Tumekubaliana Jumamosi jioni anakuja kwangu au naenda kwake. Ya kwanza ilikuwa jana. Walikuja wanne, yeye na mtoto wake, na mama mwingine wa nyumba ya bati jekundu aliyeitwa na yeye, na mjukuu wake. Nikawasomea kitu nilichoandika kwenye basi wiki hii, maana Msomaji alisema mlango uko wazi nikaingia. Abunuwasi ameuziwa kiwanja Kiluvya na dalali mwenye viatu vyeupe, akifika anakuta wameuziwa watu watatu, kila mmoja na karatasi yake. Basi Abunuwasi hagombani, anawaambia sawa tugawane, wewe chukua kiwanja asubuhi, wewe mchana, wewe jioni, mimi nitachukua usiku. Wanacheka wanakubali, wanaona mjinga. Usiku Abunuwasi anaanza kujenga.

Nikaishia hapo kwa sababu nilikuwa sijui anamalizaje. Yule mtoto wa jirani, ana miaka tisa, akasema hapana, usiku Abunuwasi anachimba kisima, alafu asubuhi wenzake wote watatu wanakuta maji lakini maji ni ya usiku, wakiyataka lazima wamlipe. Mama wa bati jekundu akasema na yakitoka ya chumvi? Wakabishana mpaka saa tatu, chai ikaisha nikabandika nyingine.

Binti wa Chanika naomba uniambie wewe ungekata wapi, na nimekutumia ujumbe pembeni. Mzee wa Bunju, daftari la kuzikana tumeanza, tuko kaya tatu, nakuomba utuambie mlianza na kiasi gani kwenye mfuko na nani alikuwa anashika hela.